Dawa Nje ya Mshipa: Karne ya Sindano Mwambao wa Rumonge

Dawa ikivuja nje ya mshipa, wa kwanza kujua ni mgonjwa mwenyewe. Mkono haujavimba, ngozi haijapauka, muuguzi hajaona lolote, lakini yeye anahisi moto pale sindano ilipoingia, ukipanda kuelekea kiwiko. Ndiyo maana miongozo ya wauguzi ya siku hizi huanzia hapo: mgonjwa akisema panamchoma, funga kwanza, uliza baadaye. Kanuni hiyo si ngeni. Waganga wa Ulaya waliotibu kaswende kwa dawa za aseniki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliijua vizuri, maana wagonjwa wao walikuwa na uwezo wa kulalamika na kusikilizwa. Kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Usumbura kushuka Rumonge hadi Nyanza, sindano ilikuja kwa njia nyingine: ilikuja pamoja na kambi, daftari na foleni. Hoja yangu ni kwamba majeraha ya dawa zilizovuja katika mwambao huu yameamuliwa zaidi na mambo mawili kuliko ustadi wa mpiga sindano: dawa gani ilichaguliwa, na kama neno la anayechomwa lilikuwa na uzito wa kusimamisha mkono wa anayechoma. Dawa za kuzimua sumu, ambazo hujaza kurasa nyingi za vitabu, zimekuja mwisho na zimewafaa wachache.

Si kila uvujaji una hatari. Maji ya chumvi yakimwagika chini ya ngozi hufanya uvimbe unaonywea baada ya siku moja au mbili. Hatari iko kwenye dawa kali. Kuna zenye asidi nyingi, kama kwinini isiyozimuliwa. Kuna nzito kuliko damu, kama glukosi ya asilimia 50, ambazo hunyonya maji ya seli. Kuna zinazobana mishipa midogo mpaka nyama ikose damu, kama adrenalini. Na kuna ambazo ni sumu kwa seli yenyewe, kama aseniki, antimoni na baadhi ya dawa za saratani. Katika hizi za mwisho zimo ambazo seli ikifa huiachia dawa ileile ikaue seli ya jirani, ndiyo maana kidonda kinaweza kuendelea kuchimba wiki kadhaa baada ya sindano kutolewa. Kwanza huja maumivu na uvimbe, kisha malengelenge, kisha ngozi inakuwa nyeusi na ngumu kama gamba, na chini yake nyama imeshakufa. Kidonda kikiwa nyuma ya kiganja au kwenye kiwiko, kano hushikamana na mkono ukabaki umejikunja. Kwa mtu anayeishi kwa kuvuta nyavu za ndagala usiku, au kukwea michikichi kukata mikungu, huo ni ulemavu wa kumwondoa kazini moja kwa moja. Na kuna jambo ambalo vitabu vya kale havikulipa nafasi: dalili iliyosisitizwa zaidi ilikuwa wekundu wa ngozi, nao juu ya ngozi nyeusi hauonekani upesi. Kwa watu wa Rumonge, kwa hiyo, kinachobaki ni mguso wa kidole na kauli ya mgonjwa. Mganga asiyesikiliza amejinyima zana yake kuu.

Rumonge haikuwa mahali pa kuwapokea wageni kwa moyo mweupe, na ilikuwa na sababu. Wamisionari wa White Fathers walifika hapo mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao wakauawa. Miaka iliyofuata bonde la Imbo lilivamiwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa na pembe aliyekuwa na nguvu Ujiji na pande za Uvira. Watu wa pwani ya ziwa walijua kwamba mgeni anayeshuka kwenye chombo na watu wenye silaha huja kuchukua kitu. Wajerumani walipotokea kuanzia miaka ya 1907 na 1908 wakitafuta wagonjwa wa malale, nao pia walikuja kuchukua: kwanza majimaji ya tezi za shingoni, kisha damu, kisha mtu mzima wa kupelekwa kambini. Walikuwa na sababu ya kitabibu. Malale ilikuwa imeua watu kwa maelfu mengi kandokando ya Ziwa Victoria, na mbung'o anayeieneza alikuwa tele kwenye vichaka vya mwambao wa Tanganyika na midomo ya mito kama Dama na Murembwe. Vituo vilifunguliwa Usumbura, Rumonge na Nyanza. Vijana wa hukohuko waliajiriwa kupita vijijini wakipapasa shingo za watu, kwa kuwa tezi zilizovimba nyuma ya shingo ndizo zilikuwa ishara ya kwanza ya kuwekewa darubini.

Dawa ya kambi hizo ilikuwa atoksili, kemikali ya aseniki. Thomas na Breinl wa Liverpool walionyesha mwaka 1905 kwamba inaua vijidudu vya malale, na Robert Koch akaijaribu kwa wagonjwa wengi katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Alipoona vijidudu vinarudi kwenye damu alipandisha kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka. Aliyemrithi, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyesimamia kazi iliyofika Tanganyika. Msomaji makini atanikatiza hapa: atoksili ilichomwa chini ya ngozi, si mshipani; uvujaji unaingiaje? Unaingia kwa sababu tabia ya sindano katika mwambao huu ilijengwa na dawa hii. Dawa chungu, inayorudiwa kwa miezi, inachomwa na mtu anayehesabu wangapi wamepita; anayelia analia tu, maana kilio hakibadilishi kipimo wala siku ya sindano ijayo. Njia pekee ya kusema hapana ilikuwa kuondoka, na waliondoka. Taarifa za waganga zililalamika sana juu ya wagonjwa wanaotoroka, na zikalieleza jambo hilo kama ujinga au ukaidi wa wenyeji. Mimi nalisoma kama taarifa ya kitabibu iliyotolewa kwa miguu. Mtu aliyeona wenzake wakipoteza macho, huku waliopona wakiwa wachache, alikuwa ameshapima faida na hasara vizuri kuliko yule aliyemwandikia utoro.

Hapa huletwa pingamizi zito zaidi. Malale isiyotibiwa humaliza karibu kila inayempata; kati ya kifo cha hakika na sindano inayoumiza, mganga angefanya nini? Nakubali nusu ya hoja hiyo. Uamuzi wa kutumia aseniki ulikuwa na maana kwa mgonjwa aliyeshaanza kusinzia mchana na kupoteza akili. Lakini kambi hazikuwachoma hao peke yao. Ziliwachoma pia watu waliokuwa wakitembea, wakilima na kuvua, ambao ugonjwa wao ulionekana kwa darubini tu, ili damu yao isimwambukize mbung'o. Kwa maneno mengine, sehemu ya maumivu ilibebwa na mmoja kwa faida ya wengine, bila yeye kuulizwa. Ukali wa ugonjwa unaeleza kwa nini dawa kali ilitumika. Hauelezi kwa nini neno la aliyechomwa halikuandikwa popote kwenye safu za daftari, ambazo zilikuwa na nafasi ya tezi, ya vijidudu, ya kipimo na ya tarehe ya kufa.

Mshipa wenyewe uliingia kazini kwa nguvu baada ya hapo. Mwaka 1910 Paul Ehrlich alitoa Salvarsan, na mwaka 1912 Neosalvarsan iliyoyeyuka kwa urahisi zaidi. Zote za aseniki, zote za kuunguza zikikosa mshipa. Ng'ambo ya ziwa, Congo, Wabelgiji Broden na Rodhain walikuwa tangu 1908 wakichoma mshipani chumvi ya antimoni iitwayo emetiki, kule Léopoldville. Emetiki ni kielelezo kizuri cha jambo zima, kwa kuwa haina msamaha: matone machache nje ya mshipa yanatosha kuuvimbisha mkono wote na kuacha donda. Wabelgiji walipoteka Usumbura Juni 1916, na baadaye wakapewa Ruanda-Urundi kuisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, walikuja na ujuzi huo wa Congo. Baadaye zikafuata triparsamidi, iliyojaribiwa na Louise Pearce Léopoldville mwaka 1920, na Bayer 205 ya Wajerumani, ambayo Kleine mwenyewe alirudi kuijaribu Afrika baada ya vita.

Inafaa kuitazama sindano ya namna hiyo kwa karibu. Bomba ni la kioo. Sindano ni ya chuma, hutumika kwa wengi, huchemshwa, hunolewa juu ya jiwe, na kila ikinolewa ncha yake huwa fupi na yenye vijimeno. Mkono unafungwa mpira juu ya kiwiko, mshipa unasimama, ncha inaingia. Mchomaji anavuta bomba nyuma kidogo, damu nyekundu inachirizika ndani ya kioo, hapo anajua yuko mahali pake. Analegeza mpira, anasukuma polepole, huku akitazama kama ngozi inainuka. Vitabu vilitaka dakika kadhaa kwa mtu mmoja. Kwenye foleni, dakika hizo ndizo za kwanza kuibwa. Sindano ya chuma iliyonyooka, ndani ya mshipa laini, hutoboa ukuta wa upande wa pili mgonjwa akijikunja kidogo tu; na mgonjwa anayechomwa kwa haraka hujikunja. Kisha usisahau kwamba mshipa uleule huchomwa tena juma lijalo na jingine, mpaka unakuwa mgumu kama kamba na hauingiliki, ndipo inatafutwa mishipa myembamba ya kiganja, palepale ambapo uvujaji hufanya madhara makubwa. Msiba wa pili wa sindano hizo za jumla ulijulikana baadaye sana: nchini Misri, kampeni za emetiki dhidi ya kichocho zilisambaza homa ya ini ya aina C kwa kutumia sindano zilezile. Lakini huo ni uvujaji wa namna nyingine.

Watu watasema: mbona Waafrika waliipenda sindano? Ni kweli, na ni pingamizi ninaloliheshimu. Katika miaka ya 1920, Kenya, Tanganyika, Ruanda-Urundi na Congo, buba ilitibiwa kwa sindano za aseniki na bismuthi, na vidonda vilivyomsumbua mtu miaka mingi vikakauka kwa wiki chache. Foleni hizo hazikuhitaji askari. Heshima ya sindano iliyopo Afrika Mashariki hadi leo, ile inayomfanya mgonjwa aone hajatibiwa akipewa vidonge peke yake, mizizi yake imo humo. Ila tazama jinsi buba inavyounga mkono hoja badala ya kuivunja. Mgonjwa wa buba aliona matokeo kwa macho yake, alikuja mwenyewe, alikwenda nyumbani siku hiyohiyo, na asiporudi hakuna aliyemfuata. Yuleyule aliyemkimbia mchomaji wa malale alimkimbilia mchomaji wa buba. Hakuwa anaogopa chuma, alikuwa anachagua. Isitoshe, heshima hiyo ilizaa tatizo jipya: mtu anayeamini kwamba dawa nzuri lazima iume atanyamaza inapomuunguza. Ukimya wa kambini ulitokana na kutosikilizwa, huu ulitokana na imani, na donda linalotokea ni lilelile.

Kuna wanaoamini kwamba mambo haya yote ni suala la mafunzo: mfundishe muuguzi vizuri, dawa haitavuja. Melasoprol inawajibu. Ernst Friedheim aliitoa mwaka 1949, na kwa zaidi ya nusu karne ikawa ndiyo tegemeo kwa malale iliyoingia ubongoni. Ni aseniki iliyoyeyushwa ndani ya propilini glikoli, kimiminika kinachoharibu plastiki, kwa hiyo mabomba ya kioo yaliendelea kuchemshwa kwa ajili yake miaka mingi baada ya wodi nyingine kuyasahau. Kati ya watu 100 waliotibiwa kwayo, 5 hadi 10 walipata madhara makali ya ubongo, na karibu nusu ya hao walikufa. Kwa mishipa, hata katika mikono ya wauguzi hodari, ilikuwa ikiiunguza kwa ndani na kuiziba. Ikivuja, nyama iliharibika. Ustadi ulipunguza ajali, haukuondoa ukali. Na ustadi wenyewe haukosi kushindwa na kasi. Mwaka 1954, Yokadouma nchini Cameroun, kampeni ya kuwachoma watu Lomidine kwenye misuli ili kuwakinga na malale, watu wasiougua, iliishia kwa gangrini na vifo. Nasema hivi si kuwadharau wauguzi. Ni kinyume chake. Hesabu ya lawama ikianzia kwenye mkono wa mwisho ulioshika bomba, waliochagua dawa, idadi ya watu kwa siku na njia ya kuipitisha huondoka bila kuulizwa.

Mwaka 1950 kilitokea kifaa kilichobadilisha sura ya ajali hii. David Massa, aliyekuwa akisomea utoaji wa nusukaputi katika Mayo Clinic, Marekani, alitengeneza mrija wa plastiki unaoingizwa juu ya sindano, kisha sindano ikatolewa na mrija ukabaki mshipani. Ndiyo kanula ya leo. Haichomi ukuta wa mshipa kwa urahisi, na mgonjwa anaweza kugeuka kitandani. Lakini kwa kuwa inakaa siku kadhaa, imehamisha uvujaji kutoka dakika za kuchomwa hadi saa za usiku, wakati mchomaji hayupo. Mwambao wa Rumonge uliujua mrija huu vizuri kupitia kipindupindu. Kilifika Burundi mwaka 1978, kikatulia miaka 14, kikarudi mwaka 1992. Uchunguzi uliofanywa Rumonge wakati huo ulionyesha kwamba kuoga ziwani, pamoja na kunywa maji yake, kulimweka mtu hatarini. Mgonjwa wa kipindupindu hupokea lita nyingi za serumu kwa kasi, kupitia mrija mnene, na serumu hiyo, maji ya Ringer, si sumu. Yakivuja humfanyia uvimbe wa kutisha lakini kwa kawaida hapotezi ngozi. Kipindupindu kiliwazoesha watu kuona serumu kama maji ya uhai yasiyo na madhara. Mazoea hayo yana gharama, kwa sababu chupa ya kwinini inayoning'inia kwenye ndoano ileile inafanana nayo kabisa.

Kwinini ndiyo iliyofanya uvujaji uwe habari ya watoto. Malaria ilipoikumba Burundi mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001, wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni katika nchi ya watu wasiofika milioni 7. Nchi ilibadilisha dawa ya malaria ya kawaida mwaka 2003, lakini kwa malaria kali kwinini ya serumu iliendelea: saa nne kila mara, mara tatu kwa siku, kwa mtoto ambaye mshipa wake ni mwembamba kama uzi na aliyepoteza fahamu au anayetupatupa mikono. Mei 2006 serikali ikatangaza matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wazazi wanaojifungua. Ulikuwa uamuzi mwema, na wodi zikajaa kuliko wauguzi waliokuwepo. Katika hali hiyo anayelinda mkono wa mtoto ni muuguzaji: mama, shangazi, bibi aliyeketi ukingoni mwa kitanda na kitenge chake. Yeye ndiye anayeona kidole kimekuwa baridi, bandeji imekaza, mtoto analia kila anapoguswa kiwiko. Ukimfundisha kwa maneno matatu, atamwita muuguzi mapema. Ukimkaripia mara moja kwa kusumbua watu, hataita tena. Kambi ya malale ilimtenga mgonjwa na ndugu zake kwa makusudi. Wodi ya leo haina sababu ya kurudia hilo kwa tabia ya mdomo.

Sasa tuje kwenye tiba ya jeraha lenyewe, ambayo historia yake ni fupi kuliko mtu angetarajia. Kwa miongo mingi waganga waliweka barafu au maji ya moto kwa mapenzi yao, wakasubiri, na nyama ilipokufa wakakata. Mpangilio unaokubalika leo huanza na mambo yasiyohitaji duka la dawa. Serumu inafungwa lakini kanula haing'olewi papo hapo, ili kupitia njia hiyohiyo dawa iliyomwagika ivutwe nyuma kadiri inavyowezekana. Hapasuguliwi wala hapabanwi. Ukingo wa uvimbe unachorwa kwa kalamu na saa inaandikwa, ili zamu inayofuata ijue kama unapanuka. Mkono unainuliwa. Ndipo linakuja swali la baridi au joto, na jibu linategemea dawa: kwa nyingi kitambaa cha baridi kinafaa, kwa nyingine, kama vinkristini, baridi huongeza madhara na joto ndilo linalosaidia. Kuna kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi, ambacho uwezo wake wa kufungua njia katikati ya tishu ulionekana mwaka 1928 katika kazi za Duran-Reynals. Kikichomwa pembeni ya uvujaji dawa husambaa ikapungua ukali. Kuna deksrazoksani, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kwa familia moja ya dawa za saratani. Na kuna njia iliyoelezwa mwaka 1993 na mpasuaji wa Uingereza, D. T. Gault, baada ya kupitia wagonjwa 96: toboa matundu madogo kuzunguka uvimbe, osha chini ya ngozi kwa maji mengi ya chumvi, mapema, kabla ya saa 24 kupita. Waliooshwa mapema wengi wao hawakupoteza ngozi.

Mtetezi wa dawa za kuzimua sumu atauliza kama siwaonei wagonjwa wa Rumonge kwa kuwaambia wasubiri maji ya chumvi wakati wenzao wa Paris wana deksrazoksani. Swali ni la haki na linauma. Lakini angalia zipi kati ya hatua hizo zimewahi kuwa kwenye mkono wa hospitali ya wilaya, na angalia zote zinategemea nini. Hialuronidasi inataka friji na mnunuzi. Deksrazoksani ina bei ambayo hata nchi tajiri huigugumia. Maji ya chumvi yapo. Hata hivyo hata njia ya Gault inakufa kama habari imechelewa siku mbili, na habari haichelewi kwa kukosa fedha, huchelewa kwa sababu aliyeumwa hakusema au alisema akapuuzwa. Nchi tajiri zenyewe zina watoto wachanga wenye makovu ya serumu, kwa maana mtoto wa siku tatu hawezi kutaja panapomuuma, na mashine haijamsemea kikamilifu.

Ushindi mkubwa zaidi dhidi ya majeraha haya haukutokana na kuyatibu. Ulitoka upande wa dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo majirani wa Burundi, ulionyesha kwamba atesuneti ya sindano ilipunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Inasukumwa mshipani kwa dakika moja au mbili na muuguzi aliyesimama hapo hapo, au inachomwa msulini. Zile saa kumi na mbili za kwinini kwa siku zimetoweka, na pamoja nazo nafasi kubwa ya kuvuja. Kwa malale safari imekuwa ndefu zaidi. Eflonithini ilihitaji serumu 56 kwa siku 14. Ilipounganishwa na nifutimoksi mwaka 2009 zikapungua hadi 14. Na feksinidazoli, iliyopata kibali cha mamlaka ya dawa ya Ulaya Novemba 2018 baada ya majaribio yaliyofanyika zaidi Congo, ni vidonge vya kumeza siku 10. Aseniki, iliyokuwa na zaidi ya miaka mia, imeondolewa na kidonge. Hakuna mafunzo ya kuchoma yaliyookoa mikono mingi kiasi hicho.

Inabaki kwamba si kila dawa inaweza kuwa kidonge, na hapo hoja yangu inapata mtihani wake halisi. Saratani iliyoelezwa na Denis Burkitt kule Mulago, Uganda, mwaka 1958, inayovimbisha taya za watoto wa maeneo yenye malaria nyingi na kupungua nyanda za juu zenye baridi, hutibika kwa dawa ambazo mojawapo ni vinkristini, inayotokana na ua la Madagaska. Vinkristini ikivuja huua nyama. Wagonjwa wa saratani wa Burundi wenye uwezo wa kusafiri wamekuwa wakienda Butaro, Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, au Ocean Road, Dar es Salaam, ndani ya majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani. Dawa hii ina mtego wa pande mbili. Ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo humuua mgonjwa, ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitaka iwekwe kwenye kifuko kidogo cha serumu, si ndani ya bomba linaloweza kuchanganywa na bomba la uti wa mgongo. Wauguzi wengi walipinga, wakihofu kwamba kifuko kinachotiririka peke yake kitavuja bila kuonekana, ilhali bomba humlazimisha mtu kukaa na kusukuma. Hofu yao ilikuwa na mantiki ya miaka mia moja nyuma yake. Suluhu iliyopatikana imeyachukua yote mawili: kifuko kinatumika, kinamalizwa ndani ya dakika 5 hadi 10 kwa mshipa mpya uliochaguliwa siku hiyo, si kupitia kanula ya jana, na muuguzi haruhusiwi kuondoka kitandani mpaka tone la mwisho liishe, huku akimuuliza mtoto na mama yake kila baada ya muda kama kuna mahali panachoma.